Kibudu cha Masumbwe

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Toleo la kwanza la Kikaango limetoka leo asubuhi, na jioni nimelikuta limefungiwa sukari. Hasnain hakuona hata haya. Dukani kwake hapa Nyahanga ana mashine ya kudurufu aliyokuwa akichapia mitihani ya shule, na mwezi uliopita nilimshawishi tuchape karatasi ya mapishi kila Jumamosi: mbele niandike mimi, nyuma ajaze matangazo ya duka. Nilidhani Kahama nzima inasubiri kujua namna ya kuunga michembe ya viazi vitamu kwa karanga. Kahama nzima imekula michembe tangu kabla sijazaliwa. Nimefundisha sayansikimu miaka yote hii na bado nimesahau kwamba mtoto hamsikilizi mtu anayemwambia anachokijua.

"Karatasi nzuri hii, mwalimu," Hasnain aliniambia huku akikunja pembe. "Haipasuki."

Jumamosi, 8 Novemba

Keki ya sufuria, mkaa juu na mkaa chini. Wamenunua wanawake wanne na polisi mmoja. Mvua imeanza mapema.

Alhamisi, 13 Novemba

Yule Mgogo anayeuza ubuyu sokoni amenipunja tena, mbele ya watu, huku akisema anakata ushuru wa maji. Babu zetu Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo ya pembe walitozwa kila kisima walichofika, na Wagogo wanaona hatujamaliza kulipa. Nikamwibia kiganja kizima cha ubuyu na kumwambia babu yake alikuwa akiuza matope. Ndivyo watani tunavyosalimiana.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekwenda Masumbwe na basi la Onesmo. Yeye ni kondakta tu lakini husema "basi langu", na kwa kuwa ndiye anayenipelekea Kikaango kwa wachimbaji wa dhahabu, namwachia.

Nilishukia kwa Melania. Huko wanamwita Mama Blessing, na mgahawa wake wa mabanzi haukosi watu: wachimbaji wanatoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, na udongo hadi magotini, wanakaa kwenye mabenchi yake, wanakula ugali kwa mlenda na nyama. Melania ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tangu tufahamiane hatujawahi kuongea kwa adabu.

"Ona huyu," alisema aliponiona. "Anadaiwa maji halafu anaingia kwa mlango wa mbele."

"Maji yenyewe mbwa wenu waliyakataa."

Akaniwekea sahani mezani kwa kishindo. "Haya, kula. Hicho ni kibudu, nimekiokota mtoni juzi kikielea. Ninyi Wanyamwezi mkila kilichochinjwa mnaharisha."

Benchi zima lilicheka. Hata Taufiq alicheka, yule mwenye bucha ya jirani ambaye humchinjia kila siku kwa mkono wake, mtu wa sala tano. Alikuwa kwenye kona na chai yake. "Mama Blessing, utakuja kuniingiza motoni," alisema, akaendelea kunywa.

Nilikula nikashiba nikamwambia nimewahi kula vibaya, lakini leo nimefika mwisho. Sijui mtu mwingine ambaye kwake nacheka hivyo.

Jumamosi, 29 Novemba

Kikaango kimekwisha. Kimekwisha chote, na Hasnain amelazimika kufungia sukari kwa gazeti la Dar es Salaam.

Wiki hii sikuandika namna ya kupika chochote. Niliandika kuhusu pilau ya harusi ya Jumamosi iliyopita, aliyoipika Mama Herman, fundi wa pilau wa mji huu. Niliandika kwamba mchele ulikuwa na kiini kigumu cha kuvunjia meno na kwamba bwana harusi alitafuna kimya hadi mwisho, hapo tukajua ndoa itadumu. Watu wamesomeana barabarani. Mtu aliyekuwa haniamkii ameniamkia.

Hawataki kujua chakula kinavyopikwa. Wanataka kujua nani hajui kupika.

Jumapili, 30 Novemba

Mama Herman alilia kanisani, safu mbili mbele yangu. Nilimwonea huruma hadi katikati ya mahubiri.

Jumamosi, 6 Desemba

Maandazi ya stendi. Niliandika kwamba yanaelea kwenye chai kwa sababu yanaogopa kuzama na mafuta yote yale. Nakala zimekwisha kabla ya mchana.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua wiki nzima, hii wanayoiita Elnino. Hakuna harusi, hakuna ngoma, hakuna mtu wa kumla. Nikaandika kachumbari. Sukari imefungwa vizuri.

"Mwalimu," Hasnain alisema, "wateja wanakuja, wanauliza, leo nani? Nawaambia, leo nyanya. Wanaondoka." Aliifuta mashine kwa kitambaa. Amesema toleo la kabla ya Krismasi lisipotoka lote, mashine inarudi kwenye mitihani ya shule.

Sikulala vizuri. Sitaki kufa nikiwa mwalimu wa kufundisha watoto kukunja vitambaa vya meza ambazo kwao hazipo.

Alhamisi, 18 Desemba

Vijijini ng'ombe wanakufa kwa mvua hizi, na mjini kila mtu anainusa nyama kabla ya kununua. Nikakumbuka sahani ya Melania. Ilikuja yenyewe, sikuitafuta:

"Kwa Mama Blessing, Masumbwe, mlenda ni mtamu kuliko ndoa, na nyama ni kibudu safi kilichookotwa mtoni. Mimi hula kila niendapo, na mnaniona nilivyonenepa."

Nazia, mke wa Hasnain, ndiye anayepiga taipu stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia. Alipofika hapo mikono yake ilisimama.

"Mwalimu, hili ni kweli?"

"Utani, Nazia. Yule ni mtani wangu. Maneno yenyewe ni yake."

"Mimi najua unatania kwa sababu unacheka hapa mbele yangu. Wa Masumbwe atajuaje? Kwetu mnyama aliyejifia si jambo la kuchekea."

"Anayejua utani ataelewa."

"Na asiyejua?"

Nilimwambia asiyejua aulize. Akaendelea kupiga, pole pole, herufi moja moja, na mimi nikasimama nyuma yake mpaka akamaliza.

Jumamosi, 20 Desemba

Zimekwisha saa nne asubuhi. Tumechapa tena, zimekwisha tena. Onesmo amebeba rundo zima kwenda Masumbwe.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula kuku peke yangu na nimefurahi.

Jumamosi, 27 Desemba

Onesmo amerudi na habari.

"Masumbwe wanasema gazeti limemuumbua Mama Blessing, kwamba anawalisha watu mizoga."

"Ni utani, Onesmo."

"Mimi najua, mwalimu. Mimi Msukuma, nina watani zangu. Lakini machimboni pale kuna watu wa kila kabila, na wengi wanaanza kufunga wiki ijayo. Wao wanaona kibudu tu. Wanaulizana wamekula mara ngapi."

Nitaandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Katika maneno yote hayo nilichosikia kwanza ni kwamba karatasi yangu ameiita gazeti.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Mfungo umeanza. Hasnain aliniita nyuma ya magunia ya mchele. Mwaka jana akienda Masumbwe kuuza vitenge alikula kwa Melania, na anataka kujua alikula nini. Nikamwapia kwamba ni utani, kwamba anayechinja ni Taufiq, ambaye Hasnain mwenyewe anamfahamu.

"Basi sahihisha, mwalimu," alisema. "Mwezi mtukufu huu. Weka hata mbele, mimi sijali."

Nikamwambia nitasahihisha.

Jumamosi, 10 Januari

Nimesahihisha. "Mama Blessing wa Masumbwe anakanusha. Nyama yake haikujifia, ilichinjwa. Ila kilichoiua kwanza ni uzee." Nilicheka peke yangu nilipoiandika, na mji umecheka pia. Hasnain hajacheka. Zimekwisha.

Jumapili, 18 Januari

Melania amekuja. Mto umefunika daraja na basi haliwezi kupita, kwa hiyo alikuja nyuma ya lori la mbao, amelowa, matope hadi magotini kama wateja wake. Nilimfungulia mlango nikasema, "Umefuata ushuru mpaka kwangu?" Alipita akaketi.

"Scola, wanafunua masufuria yangu kwa vijiti," alisema.

"Nani?"

"Watu waliokuwa wanakula kwangu kila siku. Wanafunua, wanachungulia, wanacheka, wanaondoka. Taufiq ameapa msikitini kwamba yeye ndiye anayenichinjia. Wakamwambia, basi acha kumuuzia ili tukuamini. Ameacha."

"Taufiq alikuwepo siku ile. Alicheka na sisi."

"Ndiyo. Ameniambia samahani, Mama Blessing, na mimi nina watoto. Kisha akafunga dirisha la bucha." Alivua kandambili na kuziweka pamoja kando ya mlango, vizuri. "Andika kwamba ulikuwa utani."

"Nimekwisha kuandika."

"Umeandika utani mwingine."

"Melania, utani ukiuelezea unakufa."

"Basi ufe. Mimi mama yangu yuko kitandani tangu mvua zianze, na Blessing yuko kidato cha pili. Andika kama unavyowaandikia wanafunzi wako ubaoni. Andika: nilisema uongo."

Neno hilo lilinichoma. Nilimwambia sijawahi kuwa mwongo, na kwamba maneno yale yalitoka mdomoni mwake mwenyewe, mbele ya watu, na watu walicheka.

"Mimi nilikuambia wewe," alisema. "Sikuwaambia watu wa Masumbwe."

Nilikasirika. Nilitaka anirushie kitu, anitukane babu, aseme Wanyamwezi hata kalamu hawaijui. Alikaa tu akinitazama kama mzazi aliyeitwa shuleni. Mwishoni nikamwahidi kwamba Jumamosi itatoka, mbele, juu kabisa, kwa maneno matupu.

Nikampikia ugali na mgagani. Kwa hasira niliusahau mgagani motoni ukaungua. Nikauweka mbele yake nikasubiri, maana kwa mboga ile alikuwa na haki ya kunitukana hadi kizazi cha nne. Alinawa, akala, akasema, "Asante, ni kitamu."

Alhamisi, 22 Januari

Niliandika kama nilivyoahidi. Sentensi sita, hazina mzaha hata mmoja: kwamba nilimsingizia, kwamba nyama yake huchinjwa na Mwislamu anayejulikana, kwamba naomba radhi kwake na kwa wote waliokula kwake. Nazia akaipiga stensili bila kukosea.

Adhuhuri ikaja barua kutoka Shinyanga. Hoteli moja ya upande wa Ibadakuli, ambako abiria wa ndege hulala, wanataka Kikaango kila wiki kwa ajili ya meza zao. Wameandika kwamba wageni wanaupenda sana "mdomo wa mwalimu". Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa.

Kisha nikaifikiria nakala ya kwanza itakayowekwa kwenye meza hizo, na maneno ya kwanza juu yake: nilisema uongo.

Nikamwambia Nazia aiweke stensili hiyo pembeni, itoke wiki ijayo. Nikaandika haraka kuhusu kuku wa mkutano wa wazazi, aliyekuwa mgumu kiasi kwamba mwenyekiti aliahirisha ajenda.

"Wiki ijayo ni Idi," alisema Nazia.

"Ndiyo, vizuri zaidi. Watu watakuwa na furaha."

Aliichukua stensili ya Melania na kuiweka chini ya mashine. Hakunitazama tena mpaka naondoka.

Jumamosi, 24 Januari

Zimekwisha. Shinyanga wameomba waongezewe.

Jumamosi, 31 Januari

Jana ilikuwa Idi. Leo Onesmo amekuja kunisimulia, na kwa mara ya kwanza hakukaa.

Melania alipika kwa ajili ya sikukuu. Taufiq alikataa kumuuzia, kwa hiyo alitembea hadi kwenye bucha ya mbali, akamleta mwenye bucha mwenyewe ashuhudie mbele ya watu. Watu wakampita. Saa sita vijana waliotoka maduarani wakaingia, wakabeba sufuria zote mbili za nyama na kuzimwaga barabarani. Mbwa wakaja. Wale vijana wakapiga makofi, wakasema leo chakula kimewapata wenyewe.

"Yeye alifanya nini?" nikauliza.

"Aliosha sufuria."

Nilimwambia Nazia aitoe ile stensili. Alikuwa amekwisha kuitoa alfajiri bila kuniuliza, ila mbele palikuwa pamejaa maneno yangu, kwa hiyo imekaa ukurasa wa nyuma chini ya bei ya mafuta ya taa. Onesmo amerudi tena jioni, anasema ile ya kibudu ilisomwa kwa sauti Masumbwe nzima. Hii wamefungia maandazi.

Jumamosi, 7 Februari

Mgahawa umefungwa. Mabenchi yamekwenda kwa mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, anayepika vibaya.

Jumamosi, 14 Februari

Mvua. Viazi.

Jumamosi, 28 Februari

Nimechoka kulaumiwa kwa macho. Nazia ananiwekea chai bila kusema neno, Onesmo anachukua mzigo na kuondoka. Nani alisema kibudu kwanza? Melania angeweza kucheka. Angetundika kibao mlangoni, HAPA KIBUDU, Masumbwe nzima ingecheka na kuingia. Mimi ningefanya hivyo. Yeye akachagua kulia, na watu wanaolia hufunuliwa masufuria. Nimeiandika sentensi hiyo kwa ajili ya Kikaango, kisha nikaifuta kwa kuwa si ya mapishi.

Alhamisi, 12 Machi

Mama yake Melania amefariki. Onesmo ndiye aliyeniambia, akiwa ameshika mlango wa basi. "Wanazika kesho hukohuko, njia ya Ugogo imekatika. Najua utaenda, mwalimu. Wewe ni mtani."

Nitaenda. Msiba bila watani haujakamilika, na hakuna Mgogo anayeweza kumfukuza Mnyamwezi msibani. Hapo ndipo tutakapomalizana. Mtani huzuia jeneza, huiba kuku, humtukana marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Nimekaa tangu jioni nikitafuta la kusema. Nina furaha, Mungu anisamehe, nina furaha kama ya mtu aliyepata dawa.

Ijumaa, 13 Machi

Nimerudi.

Nilifika wakati wanaume wanataka kuanza kuchimba. Majembe yalikuwa yamelazwa kando. Nikavua kitenge cha juu, nikakitandika juu ya majembe, nikakaa.

"Hazikwi mtu hapa," nilisema kwa sauti. "Bibi huyu ndiye aliyekuwa akikaa kisimani kututoza maji. Rudisheni ushuru wa babu yangu kwanza, au mzikeni kwa kijiko."

Ni maneno mazuri. Msiba wowote mwingine wangenibeba mzobemzobe, wangenimwagia majivu, dada wa marehemu angeniletea maji ya matope na kusema haya, ushuru wako huo.

Hakuna aliyenishika. Wagogo waliokuwepo, na walikuwa wengi, walitazama chini. Kisha mzee mmoja akaja akainama mbele yangu, akashika kofia yake mkononi.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Tunaomba majembe."

Niliinuka. Walichukua majembe, wakanikunjia kitenge changu vizuri wakanirudishia, na mtu mmoja akaniletea kiti. Kiti, nje ya mkeka wa wanawake, cha kukalia mgeni wa serikali.

Melania alitoka ndani. Amekonda. Alikuwa na kikombe cha maji, na alikuja nacho akiwa amekishika kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Ananizidi miaka miwili. Sikuweza kujibu marahaba, na sikuweza kutojibu. Watu walikuwa wanatutazama.

"Melania," nilisema, "nidai."

"Hudaiwi kitu. Kunywa tu, pole na safari." Alinisogezea kikombe. "Maji haya ni ya bure."

Niliona haya ambayo sikuyajua. Nilikunywa yote. Yalikuwa safi, yamechemshwa. Alipokea kikombe, akasema asante kwa kuja, akarudi kwenye mkeka kukaa na wenzake. Walimzika mama yake, na nilipoondoka walinisindikiza hadi barabarani.

Jumamosi, 21 Machi

Hasnain aliuliza msibani walipika nini. Nimeandika kuhusu supu ya hoteli.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua zimeanza kupungua. Kikaango kimekwisha saa nne, na Shinyanga wanataka mara mbili ya ilivyo sasa. Hasnain ananunua mashine nyingine.

Nilipita sokoni kwa yule Mgogo wa ubuyu. Nilisimama mbele ya meza yake nikachota kiganja kizima bila kuomba, nikasubiri anipigie kelele za maji ya babu yake. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikarudisha ubuyu wake mezani. Nikamwambia nataka kikombe kimoja. Alichota, akasawazisha juu kwa kidole, akaongeza kidogo palipopungua, akanifungia kwenye karatasi yangu mwenyewe. Alinipimia sawasawa, hakunipunja hata punje.